Kiangazi cha Heber Techera

Jumatatu saa moja asubuhi, kwenye redio ya Barra del Lobo, mji wa pwani kusini ya Brazil, Heber Techera aliutangazia mji mzima kwamba mwaka huu kiangazi cha Mtakatifu Yohana kimewahi. Kitaingia kesho, alisema, kitakaa hadi Jumapili, na mwenye koti anaweza kulirudisha kabatini. Saa nne asubuhi hiyo hiyo upepo wa kusini-mashariki ulitua kutoka baharini, ukang'oa kibao cha duka la mikate la Tito na kukipeleka hadi mlangoni kwa daktari wa meno. Kipimajoto kilisoma nyuzi tano. Ni Juni, sawa, majani ya mwisho yanapukutika na kipupwe kinabisha hodi, lakini nyuzi tano mchana kweupe ni matusi.

Kiangazi chenyewe ni siku tatu nne za joto ambazo Mungu hutupa karibu na sikukuu ya mtakatifu huyo, mwishoni mwa Juni, akijisikia. Kuna miaka hajisikii. Heber alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakukiri hata siku moja kwamba barua imepotea. Barua ilikuwa njiani. Alipostaafu, redio ikampa dakika tano kila asubuhi za kusoma hali ya hewa, naye akahamia huko na tabia yake yote.

"Kiangazi kiko njiani," alitangaza Jumanne, huku mabati ya paa la studio yakipiga makofi juu ya kichwa chake.

Jumatano alisema kimekwama kidogo mpakani mwa Brazil. Hakueleza kama ni suala la pasipoti.

Sasa, mtu aliyetangaza joto hawezi kuvaa koti. Hilo Heber alilielewa vizuri, na tangu Jumatatu alipita barabarani na shati la mikono mirefu, kifua mbele, midomo ya zambarau. Kubwa zaidi, hawezi kuwasha jiko la kuni. Barra del Lobo ni mji ambao kila mtu husoma dohani ya mwenzake kama gazeti: nani ana wageni, nani kaishiwa kuni, nani kagombana na mkewe na sasa analala jikoni. Moshi ukitoka kwa Heber ingekuwa sawa na kuandika barua ya kukiri kosa, kuitia sahihi na kuibandika kanisani. Kwa hiyo jiko la sebuleni lilibaki limezimwa, na buibui wa mwaka jana aliendelea na shughuli zake humo ndani.

Aliyelipa jeuri hiyo, kama kawaida, ni mke. Zulma alikuwa anatimiza miaka sabini siku ya Alhamisi, na Jumanne jioni alikaa kwenye kochi amejifunga mablanketi mawili, amebaki pua tu.

"Heber, washa jiko."

"La nini? Kesho utakuwa unafungua madirisha."

"Kesho mtakuwa mnafungua kaburi langu. Washa jiko."

"Mama, mimi ni mtu wa redio. Watu wananisikiliza."

"Wewe ni mtu wa posta. Na mimi baridi imenifika kwenye kope."

Heber alimwambia ajikaze, siku mbili si nyingi. Zulma alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeeleza jinsi ya kuzaa. Jumatano baada ya chakula cha mchana alichukua kikapu, akatia sufi yake ya kufumia, kibuyu chake cha mate, ile chai chungu inayonywewa hapa kutwa nzima, na chupa ya maji moto. Heber alipoona kibuyu kinaingia kikapuni, akajua mambo yamekuwa mazito. Mwanamke wa hapa anaweza kumsusa mumewe asubuhi na jioni akarudi kupika, lakini akibeba mate yake, huyo amehama.

"Naenda kwa Élida," Zulma alisema mlangoni. "Nikiona moshi kwenye dohani yetu, nitarudi. Nisipouona, kesho nitakula keki kwa dada yangu, na wewe ule yako na kipimajoto."

Akavuka barabara. Upepo ulimsukuma hadi akafika kabla hajamaliza kukasirika.

Heber alitoka kwenda kununua mkate, kusudi watu wamwone hana wasiwasi. Dukani Tito alikuwa amevaa kofia ya sufi, na juu yake kofia nyingine.

"Don Heber, karibu. Ndiyo unatoka kuogelea?"

"Nipe mkate."

"Bibie hajambo? Nimemwona anavuka na kikapu. Nikajua tu, huyo anakwenda pikniki, na joto lote hili."

"Nipe mkate, Tito."

"Nikufungie, au utaula ufukweni?"

Alirudi nyumbani akapiga chafya kumi na moja mfululizo. Nyumba ilikuwa na baridi tangu Jumatatu, lakini sasa haikuwa na mtu wa kuilalamikia, na hilo liliuma kuliko baridi yenyewe. Alikula mkate amesimama. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na hakuwahi kujua kwamba saa ya ukutani ina kelele kiasi kile.

Alhamisi kulipopambazuka alikuwa amekwishashindwa. Alimtoa buibui kwa adabu, akapanga kuni, akawasha. Moto ulishika mara moja, ungedhani nao ulikuwa umemsubiri. Heber akatoka uani mbio, na shati lake, kutazama moshi wa aibu yake ukipanda mbinguni.

Haukupanda. Ulitoa kichwa kwenye dohani, upepo ukaupiga kofi, ukalala juu ya mabati na kuteremkia nyuma ya nyumba, upande wa vilima vya mchanga, ambako hakuna anayeishi. Kutoka barabarani nyumba ilionekana baridi kama jana. Akarudi ndani akatia kuni mbichi. Moshi ukazidi, kweli, lakini sebuleni. Alitoka tena anakohoa, macho yamemwiva, akautazama moshi wake ukimkimbilia ndege mmoja wa baharini aliyekuwa hana habari na mambo ya watu.

Ikabidi avuke. Alibisha kwa Élida, na shemeji yake akafungua dirisha kwa upana wa viganja viwili. Ndani kulikuwa na joto la kweli, na harufu ya maandazi ya mwani.

"Shemeji," Élida alisema, "umevaa kama harusi ya Januari."

"Niitie Zulma. Nimewasha jiko."

Élida alichungulia juu ya bega lake, bila haraka, kama mtu anayekagua nyanya sokoni. "Sioni moshi."

"Upo. Upepo umeulaza."

"Aa, upo njiani."

"Élida, nakuomba."

"Mwenyewe kasema moshi, shemeji, hakusema maelezo. Yuko hapa anasubiri redio, anataka kusikia kiangazi kimefika wapi. Kama jiko lako linawaka, nenda ukalitangaze." Akafunga dirisha.

Saa moja kasoro dakika tatu Heber aliingia studio ananuka moshi kama nyama ya kubanika. Edison, mtangazaji, kijana wa miaka hamsini, alimsogezea kipaza sauti na kumwekea kipande cha karatasi chenye vipimo vya asubuhi: nyuzi nne, upepo wa kilomita sabini kwa saa, mawimbi ya mita nne. Heber aliisoma yote. Edison alikuwa ameshanyoosha mkono kuweka tangazo la duka la saruji, Heber akamzuia.

"Na kiangazi," alisema, "hakipo. Hakipo njiani, hakipo Brazil. Nilikosea." Akamgeuzia Edison mgongo. "Zulma, jiko linawaka tangu saa kumi na mbili. Moshi hauonekani kwa sababu ya upepo. Naomba urudi nyumbani."

Simu ya studio ikalia. Edison, ambaye hajawahi kupata kitu kizuri namna hii katika kazi yake, aliiunganisha hewani bila kumwuliza mtu.

"Huku upepo unapiga kelele," ilisema sauti ya Zulma. "Nani amekosea?"

"Mimi."

"Sema na jina."

"Heber Techera amekosea."

"Vizuri. Sasa niambie. Kile kipimo chako cha kubashiri hewa, kilichoko ukutani, kilisema nini Jumatatu?"

Heber aliitazama meza. Mji mzima ulikuwa umeshika vibuyu vya mate bila kunywa. "Kilisema baridi," alijibu. "Kilishuka tangu Jumapili. Sijawahi kukiona kimeshuka vile."

"Na wewe ukasema joto."

"Nikasema joto."

"Kwa nini, Heber?"

"Kwa sababu Jumapili uliniuliza kama siku yako ya kuzaliwa tutaweza kula nje, tuitazame bahari. Ulikuwa umeshapiga pasi kitambaa cha meza. Nikashindwa kukwambia hapana. Na nilipokwisha kukwambia wewe, nisingeweza kuwaambia wengine tofauti."

Tito, dukani kwake, aliipiga redio kofi akidhani betri imekwisha.

"Wewe mtu ni mjinga sana," Zulma alisema mwishowe, na sauti haikuwa na ukali wowote. "Nimezaliwa hapa. Miaka sabini nazijua Juni zote. Unadhani nilikuwa nauliza joto? Nilikuuliza kama tutakula nje."

"Kwenye baridi hii?"

"Jibu lilikuwa moja tu: 'Ndiyo, mama, vaa koti.' Basi. Hukuhitaji mtakatifu wala Brazil."

Heber alikiinamia kipaza sauti.

"Niulize tena," alisema.

"Heber, leo tutaweza kula nje?"

"Ndiyo, mama. Vaa koti."

Saa saba mchana wageni sita na Élida walikaa uani kwa Techera, wamevaa makoti, skafu na mablanketi, kila mmoja ameshika sahani yake kwa mikono miwili kama usukani. Kitambaa cha meza kilikandamizwa kwa pasi nne za chuma. Saladi iliondoka yote kwa pigo moja la upepo, na hakuna aliyeifuata. Nyuma yao jiko la sebuleni liliendelea kumpashia joto mtu asiyekuwepo. Zulma alikaa mbele kabisa, anatazama mawimbi, pua nyekundu, anacheka mdomo umejaa nyama. Heber alikuwa kando yake ndani ya koti lake kubwa la posta, lenye vifungo vya shaba, ambalo mji ulikuwa haujaliona tangu astaafu. Alikuwa amelifungua upande mmoja ili mkewe naye aingie.