Kipindi cha Jumapili Jioni

Tangu afiwe na mkewe, fundi redio alirekodi podikasti yake chumbani, blanketi likiwa limetundikwa dirishani kuzuia kelele. Aliitoa kila Jumatatu asubuhi, kama alivyoshauriwa, na wasikilizaji wakawa wa kuhesabika.

"Jumatatu watu wana haraka, kaka," dada yake alimwambia kwa simu. "Wewe ungependa kusikia sauti ya mtu lini?"

"Jumapili jioni. Nyumba hunielemea."

"Basi itoe hapo."

Akaitoa. Watu hawakufurika, ila waliokuja walisikiliza hadi mwisho. Mama mmoja akamwandikia: "Napiga pasi peke yangu, wewe ukinipigia soga."

Alifurahi, akainua kichwa atafute wa kumsimulia. Chumba kilikuwa kitupu. Akavuta maikrofoni, akamsimulia yule mama.