Divine amepata kazi mbele ya macho yangu

Leo nimeona wivu mkali.

Mi na rafiki yangu Divine tuliitwa kwenye mtihani wa kazi, kiwanda cha sabuni, kule mtaa wa viwanda, Zone Industrielle.

Mi nilisoma umeme peke yake. Yeye alichanganya umeme, mashine na kompyuta. Miaka yote nilimcheka: "We unasoma kila kitu, utajua nini?"

Patron, mwenye kiwanda, akatuonyesha mashine iliyokwama. Nikapima waya zote.

"Umeme uko sawa, patron."

"Basi mbona haitembei?"

Nikarudia kupima waya zilezile.

Divine akaangalia kompyuta ya mashine, akagundua mkanda umelegea, akaukaza. Ikanguruma!

Kazi akapewa palepale.

Halafu akamwambia patron, akinionyesha mimi: "Umeme, huyu ndiye aliyenifundisha."

Afadhali angenicheka!

Nimempongeza, lakini machoni sikumtazama. Nyinyi mungeweza?