Matairi ya Njia Mbili

Mama yangu alipopatwa na kiharusi, niliomba ruhusa ya wiki mbili kazini Arusha nikaja Same na begi moja. Nilikuja na baiskeli yangu ya mtumba pia, nikaiingiza kwenye buti la basi kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Huu ni mwaka wa tatu.

Hakuna aliyeniamuru nibaki. Kaka zangu wawili walikaa sebuleni. Mmoja akasema mama akirudishwa kijijini mlimani atakuwa mbali na hospitali. Mwingine akasema nyumba hii ya Same inatosha, kinachotakiwa ni mtu tu. Kisha wakanitazama. Mimi ndiye kitindamimba, sina mume wala mtoto.

"Wewe mdogo wangu huna mambo mengi," akasema yule mkubwa.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Kufika jioni, wote wawili walikuwa wameshaondoka.

Nashona sare za shule barazani, mahali ambapo namsikia mama akigeuka kitandani. Mkono wake wa kulia haukurudi. Mguu unaburuta. Maneno yalirudi, kwanza ya Kipare, halafu Kiswahili kikafuata polepole. Mchana wa Jumatano na wa Jumamosi anakuja jirani yetu, mjane wa makamo, anakaa naye wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mida hiyo ndiyo yangu. Natoa baiskeli.

Kutoka nyumbani nina njia mbili. Ya kwanza ni barabara kuu ya kuelekea Makanya, lami tupu, unateleza kama maji, ila malori yanakupita kwa upepo wa kukusukuma nje ya barabara. Ya pili inaelekea Kisiwani, milima ikiwa mkono wa kulia na nyika mkono wa kushoto. Hiyo ina lami mwanzoni, kisha changarawe, na mahali pengine imejikunja kama mgongo wa bati, inakutikisa mpaka meno. Ukiendelea nayo unafika Maore, ambako rafiki yangu wa shule ana chumba cha kufundishia ushonaji. Aliwahi kunipigia simu akasema anatafuta mwalimu wa kusaidiana naye. Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria, maana nilijua jibu.

Mwaka jana, kiangazi kikiwa kimekolea, matairi yangu yalianza kupasuka ubavuni, nyuzi zikawa zinachungulia. Nikaenda kwa fundi baiskeli karibu na soko. Alikuwa na aina mbili za saizi yangu. Matairi membamba laini, na mengine manene yenye meno makubwa.

"Dada, unaendesha wapi zaidi?" akaniuliza.

"Kote."

"Kote hakuna tairi. Haya laini, kwenye lami utafurahi, ila kwenye kokoto yanateleza, na mbigili zitakutoboa kila siku. Haya ya meno, kokoto utazimeza, lakini kwenye lami ni mazito, yananguruma. Utachoka kabla hujafika."

Niliyashika yote, nikayabonyeza, nikayarudisha. Nikamwambia nitakuja kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilipokuwa nimesimama pale, nililiona swali alilouliza ni kubwa kuliko tairi. Ningechukua laini, ningekuwa mtu wa kwenda na kurudi kwenye lami, karibu na nyumbani, siku zote. Ningechukua ya meno, ningekuwa nimenunua kitu cha safari nisiyoweza kuifanya.

Jioni nikamlisha mama uji. Alikuwa amesikia mazungumzo yangu na jirani getini.

"Matairi umepata?" akauliza.

"Kuna ya aina mbili, mama. Laini na ya meno. Sijaamua."

Akameza, akapumzika. Sasa hivi akitaka kusema neno refu hufunga macho kwanza.

"Chukua yale laini," akasema. "Yale hayatakupeleka mbali."

Alisema bila ukali, kama mtu anayekuchagulia kitenge. Nikamfuta mdomo. Nikabeba bakuli mpaka jikoni, nikafungua bomba nikaacha maji yatiririke ingawa mgao wetu ni wa shida, kwa sababu sikutaka asikie jinsi nilivyokuwa napumua. Miaka yote hiyo nilikuwa najiambia kwamba nimefungwa na ugonjwa, au na kaka zangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mama mwenyewe ameshika ufunguo, tena anajua ameushika.

Kesho yake nikamwuliza fundi kama inawezekana kuchanganya. Hakuona ajabu.

"Wengi wanafanya hivyo. La mbele ndilo linaloshika njia, weka la meno. Likiteleza la mbele, umeanguka. La nyuma likiteleza, unalirekebisha tu. Nyuma weka laini, ndiko uzito uliko, litakupunguzia kazi kwenye lami. Na ukifika kwenye changarawe punguza upepo kidogo, lisiruke-ruke. Ukirudi lami, jaza."

Akayafunga, akayapaka vumbi la chaki ndani ili tyubu isigande. Baiskeli ikaonekana kama imeazima miguu ya watu wawili.

Jumamosi hiyo nikaelekea njia ya Kisiwani. Lami ilipoisha nilishuka, nikatoa upepo kidogo mbele na nyuma, nikapanda tena. Sijui niseme vipi. Zamani kwenye changarawe nilikuwa naendesha kwa woga, mikono imekakamaa. Sasa gurudumu la mbele lilishika, nami nikalifuata. Nilipita mahali nilipozoea kugeukia bila kusimama. Nilipita migunga, nikapita kundi la mbuzi na mwenye nao akanipungia fimbo. Nikaanza kuhesabu kichwani: nikifika Kisiwani nitapata maji, na kutoka Kisiwani kwenda Maore sio mbali sana kwa mtu asiye na haraka ya kurudi.

Hapo simu ikaita. Ilikuwa namba ya jirani.

"Mama ameanguka," akasema. "Yuko macho, anaongea. Lakini njoo."

Niligeuza pale pale. Nilikanyaga changarawe yote nikiongea peke yangu. Nilipofika kwenye lami sikusimama kujaza upepo, nikaona nitapoteza muda, na hapo ndipo nilipopoteza muda wenyewe. Matairi yalikuwa yamelegea, yakang'ang'ania lami kama yamepakwa gundi. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote na mji ukabaki pale pale mbele yangu, mabati yake yanang'aa, hausogei. Nililia kwa hasira. Nilikasirikia tairi, nikamkasirikia jirani, nikamkasirikia mgonjwa, kisha nikaona aibu nikaendelea kukanyaga.

Nilimkuta mama kitandani, kifundo cha mkono wa kushoto, ule mzima, kimevimba, paji la uso limechubuka. Jirani alikuwa ameshamfunga kitambaa cha maji baridi. Alikuwa jikoni anapasha maziwa ilipotokea. Mama alijiinua mwenyewe kutoka kwenye kiti.

"Mama, ulikuwa unaenda wapi?"

"Getini."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia kama umegeuka."

Kaka mkubwa alipiga simu usiku. Akasema pole, akaulizia hospitali wamesema nini, nikamwambia hakuna mfupa uliovunjika. Kisha akasema, "Hiyo baiskeli tuiweke kando kwanza."

"Sawa," nikamwambia. "Njoo ukae naye mwezi mmoja, mimi nitaiweka kando."

Nikasikia televisheni yake. Akasema kazi zimembana, ataongea na kaka yangu mwingine. Mpaka leo hawajarudi na jibu, na baiskeli haikuzungumziwa tena.

Siku kadhaa baadaye, nikiwa namchana nywele mama, nilimwuliza kwa nini aliniambia nichukue matairi laini. Alifunga macho muda mrefu nikadhani amelala.

"Naogopa," akasema kwa Kipare. "Ukiondoka, wao watanipeleka wapi?"

Nikaendelea kumchana. Sikumwambia sitaondoka, na yeye hakuniomba niseme.

Bado naendesha Jumatano na Jumamosi. Naishia lami inapoishia, mara chache naingia changarawe kidogo, kisha narudi. Tairi la nyuma limeshaanza kuwa kipara katikati. La mbele meno yake bado makali, kama la dukani. Rafiki yangu wa Maore alipata mwalimu mwingine, kijana mzuri, na huyo rafiki hunitumia picha za wanafunzi wao.

Siku hizi mama hukataa kukaa ndani nikiwa nimetoka. Anataka kiti chake kiwekwe getini, jirani akae pembeni yake. Nikikata kona ya mwisho namwona, mkono mzima umeshika nguzo. Ananisubiri, au ananilinda, sijui, na sidhani kama yeye mwenyewe anajua. Nashuka, namwamkia shikamoo, anaitikia. Naegemeza baiskeli ukutani, namshika kwapani, tunaingia ndani taratibu, mguu wake ukiburuta.