Injini Niliyoisingizia Kifo

Nakumbuka siku niliyopaka rangi mahali ambapo hapakutaka rangi. Ukiniuliza kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi hii ya kutoa injini na kutia nyingine, nitakutajia hilo, na bado nitainamisha macho. Sina mvi za kukuita mwanangu, mdogo wangu. Lakini mzee aliyenionya hawezi kumfikia kila kijana anayefungua boneti nyumbani kwao, simu mkononi, basi nikubebee neno lake wakati bado naukumbuka uchungu wake.

Mimi sikupitia gereji ya mtu. Nilijifunza kwa kutazama video na kwa kufungua vitu nikivifunga tena. Aliyejifunza hivyo huwa na hofu moja: kwamba siku moja atatokea aliyefundishwa, aitazame kazi yake, acheke. Hofu hiyo ilinifanya msafi kupita kiasi. Boliti ikianguka, niliiosha kabla ya kuirudisha. Nati niliyoikaza, niliirudia mara tatu, na hata mara ya tatu sikuiamini.

Shangazi yangu Nafula, wa Matayos, ana gari dogo analobebea samaki kutoka Rukala hadi soko la Busia. Injini yake ilichemka njiani ikapasuka. Akaniambia, "Si wewe unajua hizi vitu? Nitolee hii, uniwekee ingine." Tukaenda Malaba kwa Mzee Ekisa.

Mzee Ekisa anauza injini zilizotumika. Banda lake liko nyuma ya pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka, na injini zake hukaa juu ya matairi chakavu, zimefunikwa turubai. Hatoi hati ya dhamana. Anachotoa ni neno lake. Haachi injini iondoke bila kuisikia: huiunganisha na betri na nyaya zake za majaribio pale pale chini, akaiwasha, kisha akaweka kikombe cha chai juu ya kifuniko chake. Chai isipomwagika, anakugawia nusu, mnakunywa, basi mmeuziana. Watu wa Butula, watu wa ng'ambo Tororo, madereva wa masafa marefu, wote walimjia kwa ajili ya neno hilo. Jina lake ndilo duka lake. Bandani hamna kingine cha kumvuta mtu.

Injini yetu iliunguruma na kikombe hakikutikisika. Nilikunywa nusu yangu. Likumbuke hilo, kwa maana mimi nililisahau.

Kazi niliifanyia nyumbani kwa shangazi, chini ya mabati ya kuwekea kuni. Nilipiga picha kila soketi kabla ya kuichomoa, nikabandika vikaratasi vyenye namba. Nilibadilisha sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na pampu ya maji injini ikiwa bado nje, maana ikishaingia huzifikii bila kulia. Nililinganisha raba zinazoishikilia, nikaona moja haiwiani na ya zamani, nikairekebisha kabla ya kuinua chochote. Niliandika namba ya injini mpya ili kitabu cha gari kibadilishwe. Hayo yote niliyafanya sawa, na hayo ndiyo yaliyonipa kiburi.

Kisha nikaipaka rangi. Niliona haya kuingiza chuma chenye kutu na mafuta yaliyoganda, kana kwamba ni mimi nitakayeonekana hivyo. Nikaiosha, nikaipaka rangi ya fedha mara tatu, na chuma cha gari kilichoizunguka nikakipaka nyeusi ya kung'aa. Waya mweusi wa betri hukazwa mahali pawili, kwenye bodi ya gari na kwenye injini yenyewe, na mahali hapo huachwa chuma kitupu. Mimi nilikitazama chuma kile kitupu nikakiona kama kidonda. Nikakifunika vizuri, kisha nikakaza waya juu yake.

Shangazi alikuja akazunguka gari mara mbili. "Imeoga, kweli imeoga," alisema. "Sasa itaenda lini?"

"Leo, shangazi."

Haikwenda. Nilipogeuza ufunguo, stata, ile mota ya kuwashia, iliivuta injini kidogo, ikakoroma, ikasimama, na taa za mbele yangu zikafifia. Niliazima betri mpya, ikawa vile vile. Nikaitazama kazi yangu, haikuwa na doa. Nikajiambia: kama kazi haina kosa, basi kosa liko ndani ya injini. Imeshika, haizunguki tena. Mzee ameniuzia kitu kilichokufa.

Ningeweza kumpigia simu. Namba yake nilikuwa nayo. Lakini kumpigia kungekuwa kuuliza, na kuuliza kungekuwa kukiri kwamba huenda sijui. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunika gubigubi. Badala yake nikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye magari na mafundi wa Busia na Malaba. Niliweka picha ya injini inavyong'aa, nikaandika: "Kazi yangu mnaiona. Lakini Mzee Ekisa wa Malaba ameniuzia maiti. Chai yake msinywe." Watu wakacheka. Nilivifurahia vicheko vile, mdogo wangu, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote nitakayokuambia.

Siku ya tatu mzee mwenyewe alishuka kwa bodaboda mlangoni petu, ameshika gunia. Shangazi alimletea kiti. Hakukikalia.

"Wewe ndio umesema injini yangu ni maiti?"

Nilisema ndiyo, kwa sauti ndogo.

"Umeizungusha na mkono?"

"Hapana, mzee."

"Sasa ulijuaje imeshika?"

"Stata ilishindwa kuizungusha."

"Stata ilishindwa, ukazika injini. Leta spana ya kumi na tisa."

Aliinama upande wa mikanda, akaishika nati ya krenki, akavuta. Injini ikageuka polepole, laini, bila kukwama popote. "Maiti haigeuki hivi," alisema. Akatoa kwenye gunia waya mnene, ule wa kuazimana umeme kati ya magari mawili. Upande mmoja akaubana kwenye betri, penye alama ya kutoa. Kwa kisu akakwangua rangi yangu kidogo kwenye injini, akabana upande wa pili hapo. "Washa."

Iliwaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Shangazi alianza kigelegele, akaniona uso, akakikatiza.

Mzee aliizima, akafungua boliti ya ule waya mweusi, akakwangua chini yake. Maganda ya rangi ya fedha yalianguka kwenye viatu vyangu.

"Nani alikwambia upake hapa?"

"Hakuna, mzee. Nilitaka iwe safi."

"Umeme haupiti kwa rangi, mwanangu. Hapa ni chuma kwa chuma. Kijana wa wiki mbili kwa gereji anajua hii, na akisahau, anauliza." Alikunja waya wake taratibu, akaurudisha guniani. "Injini nimekutengenezea. Sasa jina langu, utalitengeneza na spana gani?"

Alipoondoka, shangazi alikaa kwenye kile kiti. "Mtoto wa kaka yangu," alisema, "nimekuzoea ukiwa msafi. Leo umenichafua mbele ya mzee."

Unadhani nilikwenda kuomba msamaha? Niliufuta ule ujumbe kwenye kundi, kimya kimya, nikajiona nimelipa. Nilidhani neno ni kama alama ya chaki.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Malaba kutafuta mpira wa bomba la maji. Nilimsikia dereva mmoja wa lori akimshauri mwenzake aliyetaka injini, hatua chache tu kutoka banda la mzee.

"Kwa huyo usiende, boss. Anauza maiti. Si alianikwa kwa group?"

"Nani alimwanika?"

"Fundi mmoja wa Matayos. Kijana msafi sana, alituma mpaka picha."

Mzee Ekisa alikuwa amekaa mbele ya banda, injini zote zimefunikwa turubai, na aliyasikia yote. Alinitazama. Nami niliondoka. Ndiyo, niliondoka na mpira wangu mkononi, kama mtu ambaye hajaitwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi, na miguu ilipotakiwa kunipeleka kwa mzee, nikaitumia kukimbia.

Siku nne zikapita. Siku ya tano nilipiga picha zile sehemu mbili zilizokwanguliwa, nikaziweka kwenye kundi lile lile, nikaandika kosa ni langu, injini ilikuwa nzima, na mzee hakunidanganya kwa lolote. Wakanicheka kwa siku tatu. Hadi leo wako wanaoniita Fundi Rangi. Kisha nikapanda kwenda Malaba, nikasimama mbele ya banda na kumwambia mzee nisamehe, madereva wakisikia.

"Umechelewa," alisema. "Lakini umekuja. Kaa hapo. Wale wanaoshuka sasa hawajasikia, waambie pia."

Nilirudia maneno yale mara nne asubuhi hiyo. Mara ya nne niliyasema bila kukwama, ila aibu haikupungua. Wateja wengi wamerudi kwake. Si wote. Kuna mfanyabiashara mmoja wa Butula aliyekuwa akimletea kila mtu wa kwao. Huyo mpaka leo hununua kwingine, na kila nikimwona sokoni najua ni mimi niliyemfukuza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nisikilize. Ukitia injini na ikakataa, usianze kuilaumu. Izungushe kwa mkono. Fuata waya mweusi wa betri mpaka miisho yake yote, uone kama umegusa chuma kitupu au umegusa urembo wako. Rudia picha zako, soketi kwa soketi. Na kama bado inakataa, mpigie aliyekuuzia, umwambie, "Mzee, nimekwama." Maneno hayo mawili hayajawahi kumvunja mtu mfupa. Tena usidhani usafi ni ukweli. Nilikuwa na kazi safi kuliko mafundi wote wa Matayos, na ndani yake mlikuwa na kosa langu na jina la mtu mwingine nililolichafua. Na ukimharibia mtu mbele za watu, usimtengeneze faraghani. Rudi pale pale ulipomwanika, kwa sauti ile ile.

Mungu akupe mikono yenye subira na kinywa kinachochelewa kuliko mikono. Akupe wazee watakaokuambia kosa lako usoni, na akupe moyo wa kuwarudia.

Siku hizi injini ikinikatalia, namwita fundi mwingine aikague kazi yangu kabla sijataja jina la mtu yeyote, na mara nyingi kosa analolikuta ni langu.