Mwakani, Beberu wa Nadhiri

Juzi asubuhi jirani yangu kafunga beberu chini ya dirisha langu, na kabla sijafumbua macho nilikuwa nimesharudi Mtanda, mtaa niliokulia. Harufu ya beberu si uchafu, maana hata umuogeshe baharini atarudi nayo vilevile. Ni harufu yake mwenyewe, nzito, kali, kama majani yaliyochacha, nayo ikishaingia kwenye khanga hata sabuni inaiheshimu. Wajukuu zangu waliziba pua. Mimi nilivuta pumzi, nikaikumbuka timu ya mpira.

Nitaeleza. Elimu yangu ni darasa la nne, na daftari hili nimeanza kuliandika uzeeni, kwa hiyo nikikosea mpangilio mnivumilie. Yapo mambo ninayoyajua kwa hakika na yapo ninayoyadhania. Nitajitahidi kusema lipi ni lipi.

Nililelewa Lindi, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, nyumbani kwa Mjomba Shaweji. Alikuwa kaka yake mama, fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye sindano mbili tatu zimechomekwa kifuani siku zote, hata ukimkumbatia unakumbatia kwa hadhari. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na homa utotoni, lakini hakukubali hata siku moja. Alisema watu wa siku hizi wananong'ona.

Mjomba alikuwa mtu wa Ngurumo, timu ya mtaa wetu. Kabla sijazaliwa Ngurumo ilitisha. Iliwahi kuwafunga mabaharia wa meli moja ya Wazungu iliyotia nanga pale Lindi, mpaka mkubwa wa meli akashuka kuwapa mkono. Mimi sikuwepo. Wapo walioniambia yalikuwa mabao matatu, wapo waliosema matano, na kila Ramadhani ikipita yalizidi kuongezeka. Naandika tu kwamba waliwafunga, inatosha. Walipewa kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya fedha, na kwa kuwa fulana zao alizishona Mjomba, kikombe kikawekwa kwake, mezani pembeni ya cherehani. Alitilia vifungo.

Nilipopata akili zangu, utukufu wote wa Ngurumo ulikuwa umebaki kwenye kile kikombe cha vifungo. Kila mtu alitufunga. Watoto wa shule walitufunga. Watu wa Pande walikuja kwa bahari, wakateremka na kichefuchefu bado kinawasumbua, wakatufunga, wakaenda kulala. Mitaa mingine ikatuita Ngurumo Bila Mvua.

Kwa haki kabisa, wachezaji wetu hawakuwa wavivu. Kilichotuponza ni adabu. Wale waliowafunga mabaharia walikuwa bado uwanjani, sasa na vitambi na magoti yanayolia, na nani angethubutu kuwaambia wapumzike? Mtu hafukuzwi kwenye ngoma aliyoianzisha. Kijana akipata mpira, Nahodha akimwita, "Lete hapa, mwanangu," alimpelekea, hata kama Nahodha mwenyewe amesimama kashika kiuno anatafuta pumzi.

Siku moja, baada ya kufungwa saba, Mjomba alirudi nyumbani na mwanambuzi kifuani. Akasimama barazani, watu wakiwa bado wanapita kutoka uwanjani.

"Jamani, shuhudieni! Siku Ngurumo ikishinda, hata mara moja, mbuzi huyu namchinja palepale uwanjani, nyama yote sadaka. Naweka nadhiri kwa Mungu."

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa akipita, akasimama. "Shaweji, umeyasikia uliyoyasema?" Ilibidi aulize mara mbili, maana alikuwa upande wa kushoto. "Nadhiri haina mchezo. Na ujue, nyama yake mwenyewe huonji, wala wa nyumbani kwako. Hata ini."

Mjomba alimeza mate kidogo. "Hata ini," akakubali.

Tangu siku ile Mtanda nzima ikawa na sababu mpya ya kuipenda Ngurumo. Mbuzi akakua, akawa beberu mkubwa mwenye ndevu. (Siku zile beberu alikuwa mbuzi tu, hajaingia kwenye siasa.) Majirani wakipita walimpapasa mbavu, wakiuliza hali ya timu. Bi Somoe, mama wa nyumba ya pili, ndiye aliyezidi. Alikuwa na sinia lake la shaba alilokuja nalo kila mechi, wala halikuwahi kubeba kitu zaidi ya jua. Na kila tukifungwa, Mjomba alifungua kamba ya mbuzi, akakung'uta vumbi kwenye kanzu, akasema, "Mwakani, inshallah." Alisema hivyo mara nyingi mno, mpaka watoto wakadhani ndilo jina la mbuzi. Likabaki hilo. Mwakani.

Mwenye kumchunga nilikuwa mimi. Alinunuliwa mwaka niliong'oka meno ya mbele, na siku ya mechi ninayotaka kuwasimulia nilikuwa na miaka kumi na moja hivi. Alikula vitambaa vilivyokatwa, na siku moja akala kola ya kanzu ya bwana harusi, kosa ambalo, kusema kweli, lilikuwa langu, nilikuwa nacheza kete. Nikifanya hesabu za shule barazani alikuja akaniwekea kidevu begani, akawa anapumua sikioni kama mtu anayetaka kunipa jibu. Basi nikawa naomba dua mbili. Ya kwanza kwa sauti, pamoja na Mjomba: Ee Mola, Ngurumo ishinde. Ya pili kimoyomoyo: lakini si leo.

Kwa miaka yote ile Mola alizijibu zote mbili kwa namna yake, na mimi nikawa mshabiki pekee Lindi nzima aliyerudi nyumbani amenuna kwa uso na kutabasamu kwa moyo. Nilijiona mnafiki. Bado sijaamua kama nilikuwa.

Mechi yenyewe ilikuwa na watu wa Rutamba, timu iliyoanza juzijuzi tu, golini wamemweka mtu mzima, Mzee Nanjota, kwa sababu ya urefu wake. Siku hiyo mambo mawili yalikwenda kinyume na kawaida. Nahodha wetu aliamka na homa, asiweze kunyanyuka. Na nafasi yake akapewa Hamisi, kijana mwenye mbio kama amekanyaga kaa la moto. Huyu Hamisi alikuwa amechumbia Rutamba, posa imeshapokelewa, harusi bado. Aliyemchumbia ni binti wa Mzee Nanjota. Wote tulijua. Hakuna aliyefikiria.

Mjomba aliweka kigoda pembeni ya mlingoti wa goli la Rutamba, goli likiwa kushotoni kwake. Mimi nilisimama katikati yake na mlingoti, nimeshika kamba ya Mwakani. Kisu kilikuwa chini ya kigoda, kimeviringishwa kitambaa, kama kila mechi. Kilikuwa kimeanza kushika kutu.

Jua lilishuka, hakuna aliyefunga. Watu walikuwa wameshaanza kukung'uta mikeka. Mara Hamisi akapata mpira katikati ya uwanja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hapakuwa na mtu wa kumwita, "Lete hapa, mwanangu." Nadhani alisita kusikiliza. Halafu akakimbia. Akampita wa kwanza, wa pili, akabaki yeye na Mzee Nanjota aliyetoka golini ametanua mikono. Wakatazamana. Nikaona uso wa Hamisi umebadilika, umekuwa uso wa mtu aliyekutana na mkwewe njiani.

"Shikamoo, baba!"

Nilisikia. Nilikuwa karibu, hatua nne tano. Na Mzee Nanjota, Mungu amrehemu, mtu wa adabu zake, aliushusha mkono akauweka kifuani, "Mara—"

Haikuisha. Mpira ulipita katikati ya miguu yake ukaingia.

Sijui niueleze vipi ule mlipuko. Watu wazima waligaragara mchangani. Nami niliruka, nikapiga kelele, nikawa nalia kwa furaha, wallahi sikuwa mnafiki hapo. Halafu kamba ikanivuta mkono. Nikageuka. Mwakani alikuwa anatafuna ncha ya mkeka wa mtu, ananitazama. Nyuma yake Bi Somoe alikuwa anakuja na sinia, analifuta kwa upindo wa khanga.

Lakini Mzee Nanjota hakwenda kuuchukua mpira. Alikuwa ameshamkamata refa. Refa alikuwa Mwalimu Yohana, aliyetufundisha hesabu shuleni, mtu wa miwani na haki. Tatizo alikuwa mbali, alichelewa mbio zile.

"Kaniamkia, Mwalimu! Nikiitikia, akapiga!"

"Kijana afanye nini?" wakadakia watu wetu. "Amkute mkwewe golini ampite kama gogo?"

"Adabu gani ya kumwamkia mtu una mpira miguuni?"

"Na wewe nani kakutuma uitikie?"

Mwalimu Yohana akainua mkono. Akasema sheria haimruhusu mchezaji kumghilibu mwenzake kwa maneno, iwe matusi iwe salamu. Akamuuliza Hamisi. Hamisi akatazama ardhi, masikini. Akikubali anaiua Ngurumo, akikana anamfanya mkwewe mwongo.

"Nani alikuwa karibu?" akauliza Mwalimu. Macho yote yakageukia kwetu. Akainama kidogo, akaniangalia juu ya miwani. "Zainabu. Wewe darasani husemi uongo. Ulisikia nini?"

Hapa kalamu inanisumbua. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Nilikuwa nimesikia, wazi kabisa. Lakini nikisema, mbuzi wangu anapona, sasa nitajuaje kwamba nasema kwa ajili ya ukweli na si kwa ajili ya mbuzi? Nikinyamaza, Ngurumo inashinda baada ya miaka yote ile, na Mjomba anatimiza nadhiri yake mbele ya watu. Na kila mtu wa Mtanda alikuwa ananitazama jinsi watu wanavyoitazama sufuria. Nikafungua mdomo. Mpaka leo sijui kingetoka nini.

Mjomba alinitazama. Alinitazama kwa muda, usoni, kama anavyotazama uzi kabla ya kuutia sindanoni. Halafu akasimama.

"Muacheni mtoto," akasema. "Nimesikia mimi. Kijana kaamkia kabla ya kupiga."

Goli likafutwa. Mechi ikaisha hakuna aliyefunga.

Bi Somoe alikuwa wa kwanza kudakia. "Shaweji! Adhana huisikii mpaka uguswe bega, leo shikamoo umeisikia?" Watu wakacheka kile kicheko chenye meno. Wengine hawakucheka. Wiki ile walikuja mmoja mmoja kuchukua nguo zao, hata zilizokuwa hazijatiwa vifungo. Hamisi ndiye aliyetoka salama. Mzee Nanjota aliharakisha harusi, akisema kijana aliyemkumbuka mkwewe mbele ya goli hawezi kumsahau nyumbani.

Tulirudi sisi watatu, Mjomba mbele. Nilitegemea atasema neno kuhusu mechi. Alikung'uta kanzu tu. "Mwakani, inshallah," akasema, na mbuzi akageuka kumtazama.

Mechi iliyofuata niliona aibu kwenda. Mjomba akabeba kigoda, akaenda, akakiweka palepale pembeni ya mlingoti. Eneo zima lililomzunguka lilikuwa tupu, hakuna aliyetaka kukaa naye. Nikamfuata na kamba. Tulifungwa manne. Alipiga makofi kwa kila kijana wetu aliyegusa mpira, peke yake, kila kofi linasikika. Mechi ya tatu Bi Somoe alikuja na sinia lake, akatandika mkeka karibu yetu bila salamu. Ya nne akasalimia.

Mwakani alikufa kwa uzee, amebakiwa na meno ya kuhesabu, na Ngurumo haijashinda. Mjomba alimwendea mwalimu wa chuo kuuliza kama nadhiri imemwangukia. Akaambiwa sharti lake halikutimia, hana lawama. Mjomba akasema "Alhamdulillahi" upesi mno, mpaka mwalimu akacheka. Kikombe kiko kwangu sasa. Bado kina vifungo.

Kwa miaka mingi niliamini Mjomba aliisikia ile shikamoo. Mimi nilisikia, yeye alikuwa pembeni yangu, kwa nini asisikie? Maneno ya Bi Somoe niliyahesabu kuwa matusi ya mtu aliyekosa nyama. Lakini mwaka huu sikio langu la kulia limeanza kunitoroka. Wajukuu wakisema kitu upande huo, siwaambii warudie. Nawatazama usoni, najua wamefanya nini, najibu. Na nikijibu hivyo nakosea mara chache sana.

Basi juzi, nikiwa kitandani na harufu ya beberu wa watu, ndipo iliponijia. Goli lilikuwa kushotoni kwake. Asingeweza kusikia. Alichotolea ushahidi uwanjani siku ile ni kitu alichokisoma kwangu. Neno lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa langu, na yeye alilichukua pamoja na lawama zake zote akarudi nalo nyumbani.

Alifanya kwa ajili ya haki, au ya mbuzi, au yangu? Nimeyaandika yote matatu, na sikufuta hata moja.