Tulichangia mtaro wa mjini, ukapitia kwenye barza ya marehemu baba

Wakuu, habari zenu. Hili nimeliona kwa macho yangu hapa Bukavu, siongezi chumvi, na bado halijanitoka moyoni.

Mama yangu anauza vitenge katikati ya mji. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanashuka kilimani na kuingia madukani. Wateja wakaanza kwenda kununua kwingine. Mtaa ulikuwa unakufa huku tunautazama.

Tungesubiri serikali? Mnajua wenyewe.

Mama akachoka. Akapita duka kwa duka akiwaomba watu wachange tujenge mtaro. Mama yule akikushika, hutoki bila kutoa kitu! Wengine walitoa pesa, wengine saruji, mwingine akaleta mawe kutoka Walungu. Ofisi ya mji ikatupa injinia wa kusimamia.

Injinia akapima, akaja kusimama mbele ya duka letu.

Huku kwetu barza ni kibaraza cha mbele ya nyumba au duka. Yetu aliijenga baba mwenyewe, juu ya njia ya zamani ya maji, kama walivyofanya wengi pale. Jioni alikuwa anakaa hapo na chai yake mpaka mama afunge duka.

"Maman, hii barza iko mu njia ya maji," injinia akasema. "Itavunjika."

Mimi nikapandwa na hasira. Nikasema wavunjiwe waliochanga kidogo, siyo mama aliyeubeba mtaa mzima.

Majirani wote wakamkazia macho mama. Wao pia walikuwa na barza zao. Akikataa yeye, nani angekubali?

Mama akanigeukia. "Mutoto, nyamaza. Niliomba watu feza yao ili maji ipite. Sasa niambie maji izunguke kwangu?"

Mafundi wakaivunja, na majirani nao wakakubali zao zivunjwe. Siku hiyo hakuuza kitu. Alisimama ng'ambo ya barabara akitazama mpaka wakamaliza.

Juzi ikanyesha mvua kubwa. Maji yakafuata mtaro, yakaenda zake ziwani. Wateja wakajaa dukani, wamebanana, wanachagua vitenge. Mama nikamkuta amegeukia ukuta, machozi yanamtoka.

"Maman, unajuta?"

"Hapana. Lakini uniache nilie kidogo."

Wakuu, mimi nilidhani kazi ngumu ni kupata michango. Sasa najua ugumu unaanza pale mtaro unapofika mlangoni kwako.

Waliotengeneza mji wao kwa michango, hebu tuambieni: kwenu nani alikubali kuvunjiwa wa kwanza?