Ukuta Kati ya Maziwa na Nyama

Ilikuwa Januari ya mwaka 1995, katika kiangazi, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kiangazi cha Kericho kwa kawaida ni cha upole. Alfajiri baridi huuma vidole, na alasiri wingu halikosi kuja kutujulia hali. Mwaka ule wingu lilituacha. Vumbi jekundu lilitanda juu ya mabati ya mji, na harufu ninayoikumbuka kupita zote ni ya vijiti vya senetwet, ule mti wa maua ya manjano unaoota pembezoni mwa mashamba ya majani chai. Kila asubuhi mama yangu alivichoma mpaka vikawa makaa mekundu, akavisugua ndani ya vibuyu vyake kwa fimbo yenye ncha laini, mpaka matumbo ya vibuyu yakawa meusi na kung'aa. Kisha alimimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunika, akangoja yagande. Hayo ndiyo mursik, maziwa yetu ya kibuyu yenye rangi ya majivu mepesi, na hayo ndiyo yaliyotulisha.

Tulikuwa tumehamia mjini mwaka uliotangulia, baada ya baba kufariki. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, na nyumba tuliyoishi katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, ilikuwa ya kazi yake, si yetu. Kazi ilipokwisha, nyumba ikaenda nayo. Mama alikodi chumba kimoja katika barabara ya nyuma ya soko, mbele akauza maziwa na ugali, nyuma tukalala. Hakuna aliyegombania chumba kile. Tangu vurugu za kikabila za mwaka 1992 barabara ile ilikuwa imekufa. Wenye maduka wengi walikuwa wameondoka na hawakurudi. Milango ilikuwa na kufuli zenye kutu, na kwenye veranda ambako watu wazima walisema zamani kulikuwa na vyerehani vinne vikilia kwa pamoja, palikuwa pamelala mbuzi. Mimi sikuwa nimeanza shule. Niliosha vikombe, nilichota maji, na nilizijua sura za wateja kabla sijaijua herufi hata moja.

Chumba cha pili katika jengo lile kilikuwa cha Mama Moraa. Alikuwa Mkisii, mjane kama mama, mwembamba, mwenye sauti iliyofika sokoni bila yeye kusimama. Kabla ya vurugu alikuwa na duka huko Chepseon, akalifunga kwa siku moja na kuondoka na godoro na sufuria. Sasa aliuza nyama ya kuchemsha, supu na matumbo. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na ukuta wa mawe, na katika ukuta palikuwa na mlango wa zamani uliopigiliwa mbao. Mpango huo uliwafaa wote. Wazee wa Kipsigis wa wakati ule, hata waliobatizwa na kuimba kwaya, hawakuchanganya maziwa na nyama. Aliyekula nyama alingoja siku nyingine ndipo anywe maziwa, kwa kuwa waliamini kwamba kuchanganya huharibu viwele vya ng'ombe wa nyumbani. Basi mzee alisimama barabarani, akapima njaa yake, akachagua mlango. Waliochuma chai, waliotoka Kapkatet na Kapsoit kuuza mboga, wote walipata cha kula, na kila mwisho wa mwezi barabara ilijaa. Palipo na watu walioshiba hapakosi biashara nyingine. Fundi wa viatu alirudi kwenye veranda. Akaja kinyozi na kioo chake kilichopasuka, akaja mwenye studio ya picha aliyechora maporomoko ya maji ukutani ili watu wapigwe picha mbele yake, akaja kijana mmoja wa kuuza kanda za muziki. Mbuzi walihama wenyewe.

Uhai huo ndio uliotuletea taabu. Mwenye jengo, Mzee Arap Tonui, alikuwa mkulima wa chai wa Kapsoit na mzee wa kanisa. Barabara ilipokuwa imekufa hakuja kuitazama. Ilipofufuka, alikuja na kofia yake ya kijivu na habari kwamba mfanyabiashara wa mbolea analitaka jengo zima liwe ghala. Hakuwa mtu mbaya, na kwa haki alitupa nafasi. "Mimi nataka mpangaji mmoja," alisema akiwa amesimama katikati ya milango yetu miwili. "Bomoeni huu ukuta, muwe hoteli moja kubwa kama zile za barabara ya juu. Mkishindwa, nampa mtu wa mbolea." Mama akamwambia kwa adabu kwamba wazee hawatakaa chumba kimoja na nyama. Arap Tonui akacheka. "Mama Chelang'at, sisi ni watu wa kanisa. Hayo mambo ya giza tuliacha." Alipoondoka, mama na Mama Moraa walitazamana. Mmoja wetu akipoteza chumba, hakuwa na kwingine pa kwenda. Na hiyo mbolea ingekula vyumba vyote viwili.

Hawakuthubutu kubomoa ukuta mara moja, lakini mwezi wa Machi walichomoa zile mbao, wakaufungua mlango wa katikati, wakaunganisha mabenchi. Siku ya kwanza ilianza vyema. Wazee wanne waliketi upande wa mama, kila mmoja na kikombe chake, wakizungumzia mvua iliyochelewa. Mama Moraa alitaka kuwakaribisha wateja wa jirani yake kama wageni wake mwenyewe. Alipakua sahani ya nyama iliyonona, akaupita mlango huku akitabasamu, akaiweka katikati ya vikombe vya maziwa. "Hii ni yangu kwenu, wazee. Kuleni, mjue leo ni siku kubwa." Hapakuwa na kelele wala matusi. Mzee aliyekuwa karibu na sahani aliweka kikombe chini taratibu, akachukua fimbo yake. Wa pili akafuata. Aliyekuwa bado na maziwa mdomoni alitoka nje kwanza ndipo akayatema. Mama alisimama na kibuyu mkononi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Wiki zilizofuata mabenchi ya upande wetu yalibaki matupu, na mama alimwaga maziwa yaliyopita wakati wake. Wanawake hao wawili hawakusemezana, mpaka jioni moja Mama Moraa alipokuja na kigoda chake, akaketi mbele ya mama bila kukaribishwa.

"Niambie ukweli, Mama Chelang'at. Kwani nyama yangu iko na ukoma?"

"Si nyama yako. Ni kukaa meza moja na maziwa."

"Na kwa tumbo si zitakutana tu? Ama nyinyi mko na matumbo mawili kama ng'ombe?"

"Ng'ombe ako na manne," mama akajibu bila kuinua macho.

Mama Moraa akaanza kucheka, na mama naye, ambaye nilikuwa sijamwona akicheka tangu mazishi, akacheka mpaka akashika ubavu. Jioni hiyohiyo walizitafuta zile mbao. Mama Moraa alizishikilia, mama akapigilia misumari, na mlango ukafungwa tena. Nilidhani wametupigilia na sisi msumari wa mwisho.

Arap Tonui alipata habari, akaja akiwa amekasirika, katikati ya mvua za Mei. Siku hiyo alikuwa ametoka hospitalini na mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, bibi mdogo wa umbo aliyevaa koti la mwanamume, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani. Alimketisha Kogo upande wetu, akaomba nyundo kwa fundi wa viatu, akaanza kuchomoa mbao kwa mikono yake mwenyewe huku akimhubiria mama juu ya maendeleo. Mama alimimina mursik katika kikombe safi, akampa Kogo kwa mikono miwili. Bibi alinusa, akafumba macho, akanywa mpaka nusu. Upande wa pili supu ilikuwa ikichemka, na Arap Tonui, ambaye alikuwa hajala tangu alfajiri, alimaliza kazi yake, akajifuta jasho, akainua mguu kuupita mlango aliokuwa ameufungua.

"Wewe kijana, unaenda wapi?" Kogo akauliza.

"Kula nyama kidogo, mama."

"Zunguka."

"Mama, si mlango ni huu hapa?"

"Nimesema zunguka. Mimi niko na maziwa mkononi, na ng'ombe wangu wawili wako karibu kuzaa. Unataka kuniletea harufu ya mafuta hapa?"

Kinyozi aliacha mashine yake juu ya kichwa cha mtu. Arap Tonui, mwenye ekari za chai na kiti cha mbele kanisani, alirudisha mguu wake. Akachukua kofia, akatoka kwenye mvua, akapita mbele ya veranda, akaingia kwa mlango wa Mama Moraa. Alikula akiwa amewapa watu kisogo. Mama Moraa alimwongezea supu bila kusema neno, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee maishani mwake alipojizuia. Kabla ya kuondoka Arap Tonui alizirudisha mbao yeye mwenyewe.

"Ukuta ubaki," alimwambia mama. "Lakini mpangaji ni mmoja. Jina kwenye mkataba ni moja, na mnajua ni la nani." Tulijua. Yeye ni Mkipsigis na mama ni Mkipsigis. Mama Moraa alijua kuliko sisi sote, kwa kuwa alikwisha kupoteza duka moja. Mjomba wangu alikuja kutoka nyumbani kumshauri mama. "Andika jina lako uokoe watoto wako. Huyo ni mgeni, kesho atarudi kwao." Mama alikuwa akisugua kibuyu, wala hakuacha. "Kwao ni wapi, na moto wake unawaka hapa?" Mjomba alikunywa maziwa yake, akaenda.

Mama alimpelekea mwenye jengo ujumbe kwamba kwa jina moja hataki chumba. Jumamosi ya mwisho ya Agosti, siku ambayo watu wa mashamba hushuka na mishahara yao, yeye na Mama Moraa hawakufungua. Hawakutangaza lolote. Walifunga virago vyao, vibuyu vikafungwa kwa kamba, sufuria za supu zikapinduliwa, nao wakaketi kwenye veranda wakichambua maharagwe, wakingoja waambiwe waondoke. Watu walikuja, wakakuta milango imefungwa, wakapanda barabara ya juu na fedha zao. Siku ile fundi hakushona hata kiatu kimoja, na maporomoko ya maji ya studio hayakupata mtu wa kusimama mbele yake. Jioni wenye biashara wa barabara ile walienda Kapsoit pamoja, kinyozi akiwa msemaji wao. Waliyomwambia Arap Tonui sikuyasikia. Nilichoona ni kwamba Jumatatu alituma neno tufungue, na wiki chache baadaye akatuita kwa wakili.

Leo mimi pia ni mjane, tangu mwaka 2018, na mara nyingi huipita barabara ile nikienda benki. Imefufuliwa tena, safari hii kwa taa za barabarani, vigae na migahawa ya vioo ambako vijana hula kuku kwa chipsi. Mursik huuzwa kwenye chupa za plastiki ndani ya friji, na nimeona kwa macho yangu kijana akiinywa huku anatafuna mbavu za mbuzi, ng'ombe wa kwao wasidhurike. Sisikitiki. Niliingia darasa la kwanza Januari 1996, nikiwa na miaka kumi na miwili, goti langu likigonga chini ya dawati la watoto wadogo, na yote niliyojifunza tangu hapo nilijifunza kwa karo iliyotoka kwenye milango hiyo miwili. Ila ninapoona mikahawa mipya ikifunguliwa kwa puto na ikifungwa kabla ya Krismasi, hujiuliza ni nani kati ya wenye mikahawa hiyo aliye tayari kufunga wake kwa ajili ya jirani. Mji wa leo una rangi nzuri zaidi. Ule wa utoto wangu watu wake walikuwa wamejuana kwa njaa zao, na walijua nani anamhitaji nani.

Ijumaa, tarehe 29 Septemba 1995, tulipanda ngazi za ofisi ya wakili, juu ya duka la vitambaa. Mama alikuwa amevaa gauni lake la mazishi ya baba, kwa kuwa hakuwa na jingine la heshima, na Mama Moraa alikuwa amefunga kitambaa kipya cha kichwa. Arap Tonui alikwisha kuketi. Karani aliweka karatasi kwenye taipureta, akauliza, "Mpangaji ni nani?" Mama Moraa alitazama sakafu. Mama akasema, "Andika wawili." Karani akamgeukia mwenye jengo, na mzee yule akavua kofia, akaiweka gotini. "Andika," akasema. "Sitaki kushindana na wanawake wa barabara ile tena." Mashine ililia kwa muda mrefu. Karatasi ilipotolewa Mama Moraa aliandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma kidogo, kisha mama akasogezewa wino. Hakujua kusoma. Aliinama juu ya ile karatasi, kidole gumba kikiwa hewani, akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Wewe uko wapi hapo?" Mama Moraa alimwonyesha. Mama akabonyeza kidole chake papo hapo, karibu sana, hata wino ukagusa herufi ya kwanza ya jina la mwenzake.